Seti ya glaida ya roketi: bawa moja jepesi, jingine zito, na dharau juu yake

Si kawaida yangu kulalamikia vitu nilivyonunua, lakini hili limenikaa rohoni. Miezi kadhaa iliyopita niliagiza seti ya glaida ya roketi, ile ndogo ya balsa, yaani mbao nyepesi sana, inayopandishwa na injini ya baruti halafu inashuka yenyewe kwa mabawa. Vipimo vyake vipo kwenye boksi, atakaye atavisoma. Shida ni mbao.

Bawa la kushoto lilikuwa laini, ukilibonyeza kwa ukucha linaacha alama. La kulia gumu, rangi imekoza. Nikayaweka kwenye mizani ndogo: gramu 4, gramu 7. Umbo lile lile, unene ule ule! Kila anayejenga vyombo hivi anajua balsa hutofautiana sana: ipo ya kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, na ipo inayopita 200. Ndiyo maana watu hupima kila ubao kabla ya kukata. Kwa glaida isiyofika gramu 20, gramu 3 upande mmoja ni balaa. Ikishaachana na injini inalalia upande mzito na kujizungusha mpaka chini, na ndivyo ilivyofanya. Ukitaka kuisawazisha unabandika udongo kwenye ncha ya bawa jepesi, yaani unakiongezea uzito chombo ambacho kinategemea wepesi tu.

Nikampigia simu muuzaji. Kijana aliyepokea akaniuliza kama nina hakika najua kutumia mizani. Mimi mtu mzima naulizwa hivyo! Nikamweleza taratibu. Akacheka, akasema hicho ni kitu cha watoto kuchezea, mbao ni mbao, akakata simu nikiwa bado naongea. Hata pole sikupata.

Msinunue, ndicho nilichotaka kuandika. Ila haki ya mtu apewe: aliyeichora anaijua kazi. Niliyatupa yale mabawa, nikakata mengine kwenye ubao mwepesi niliouchagua kwa mizani, nikayapiga msasa, mbele mviringo, nyuma membamba. Tulipoirusha kwa injini ya A3-4T, moja ya zile ndogo za baruti, kwenye uwanja wa nyasi hapa Texas, ilipanda wima bila kuyumba. Moto ukaisha, ikaendelea kupaa kimya, kisha baruti ya mwisho iliyomo ndani ya injini ikalipuka: kibebeo cha injini kikachomoka na utepe wake, glaida ikajiweka sawa na kuanza kuzunguka polepole juu yetu. Binti yangu aliifuata mbio huku akipiga kelele. Raha niliyoipata sina namna ya kuieleza.

Basi nyota nne? Nilikaribia kuzitoa. Lakini nikikikumbuka kile kicheko hasira zinanipanda upya, na mabawa yaliyonipa raha ile hayakutoka kwenye boksi lao, niliyalipia mara ya pili. Nyota mbili, zote za mchoraji. Ukiitaka kwa ajili ya mchoro wake, tenga mapema hela ya ubao mwingine, na simu usihangaike kupiga.