Bonde lile lile, msimu tofauti: uzoefu wetu, mimi na mume wangu, wa kupigwa picha porini

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaeleza ilikopotelea. Kwanza niseme tulichonunua, maana nilidhani tunanunua picha, kumbe sehemu kubwa ya fedha yetu ilikwenda kwenye kusubiri.

Hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza tulimkodi mpiga picha mwingine, simtaji, wala hakuwa mtu mbaya, atupige picha mimi na mume wangu kwenye bonde tulilolipenda kwa kuliona tu katika picha za watu. Katika picha ile jua lilikuwa limepakatwa na vilima viwili, nyasi zinawaka kama zimetiwa mafuta, na mbele yake wapenzi wawili wamezungukwa na uzi wa dhahabu. Tukasema, hapo hapo. Tukafika mapema, tukasubiri jua lishuke. Likashuka kweli, ila si katikati ya vilima. Lilikwenda kujificha nyuma ya kilima cha kushoto likiwa bado juu, jeupe na kali. Sasa hivi tunafinya macho, punde bonde zima liko kivulini. Dhahabu hatukuiona hata chembe. Nusu ya picha tumekunja nyuso kama watu wanaosoma maandishi madogo ya mkataba, na nusu nyingine tuna rangi ya wagonjwa. Nililaumu kamera, nikamlaumu mpiga picha, nikailaumu pua yangu.

Huyu wa pili, dada mmoja anayepiga picha za wapenzi porini tu na hagusi kumbi, nilimpelekea picha ile ile niliyoiona ya bonde. Nilitegemea aniulize tutavaa nini. Akauliza, "Mdogo wangu, hii ilipigwa mwezi gani?"

Sikujua. Wala sikujua kama ni swali.

Shuleni tulifundishwa jua linazama magharibi, yakaisha. Akanieleza kwamba magharibi barabara linazama siku mbili tu kwa mwaka, pale mchana na usiku vinapolingana. Siku nyingine zote linazamia pembeni, nusu ya mwaka upande wa kaskazini na nusu upande wa kusini. Hata kwenye ikweta yenyewe, mahali linapozamia huhama karibu nyuzi 47 toka ncha moja hadi nyingine, na ukienda mbali na ikweta linahama zaidi ya hapo. Karibu na zile siku za kulingana linakwenda mbio: kila jioni linasogea karibu upana wake lenyewe. Kilima hakisogei. Kwa hiyo pengo lile la vilima viwili lina jua lake kwa siku chache tu, mara mbili kwa mwaka, na sisi tulikwenda siku ambazo si zake. Yule mpiga picha wa kwanza nilimwomba radhi moyoni, kidogo. Kidogo tu, kwa sababu hilo lilikuwa jambo lake kulijua.

Kisha akanifundisha kupima kwa ngumi. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi: kutoka upande mmoja wa ngumi hadi mwingine ni takriban nyuzi 10. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Mahali ambapo linashuka wima, ngumi moja juu ya upeo ni dakika 40 kabla halijazama. Sasa mwanga ule laini wa dhahabu unaanza jua likiwa chini ya nyuzi 6 hivi, kwa hiyo una dakika 24, basi, ukipepesa umeukosa. Na ikiwa upande wa magharibi una kilima kinachofika ngumi moja, kilima hicho kinazimeza zile dakika zote. Bonde letu lilikuwa na kilima cha ngumi na nusu. Niliporudi kulipima nilicheka peke yangu. (Pima mstari wa juu wa kilima jua likiwa limeshafichika. Usilikodolee jua macho.)

Alitupa chaguo mbili: tutafute mahali pengine palipo wazi magharibi, au tusubiri majuma kumi jua lirudi kwenye pengo, wakati huo mvua zikiwa zinaishia. Mume wangu alitaka tusitafute shida. Mimi bonde lilikuwa limeshaniingia. Tukasubiri.

Hayo majuma kumi ndiyo sehemu ya huduma ambayo sikuitarajia. Tulizungumza mara nne au tano, na kila mara nilitoka na kitu. Niliwahi kumtajia maporomoko ya maji, kwa sababu kila mtu anapiga picha kwenye maporomoko. Akasema korongo refu hupata jua mchana tu, lile la utosini, wakati nyusi zinamwaga kivuli machoni. Asubuhi na jioni huko ni giza, mawe yanateleza, na manyunyu yanarukia lenzi. Ukitaka maporomoko, alisema, omba siku ya mawingu mepesi, maana wingu jepesi linautandaza mwanga kama pazia na kivuli kinakufa. Nikamtajia pwani. Hapo alianza na maji kupwa na kujaa kabla ya jua: maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ufuo uliouona mpana na unaong'aa kama kioo jioni ya leo, juma lijalo saa hiyo hiyo unaweza kuukuta umefunikwa wote. Na wakati wa bamvua, zile siku za maji makubwa, tofauti ni kubwa zaidi. Unachagua siku ambayo maji kupwa yanakutana na machweo, na siku hizo hazifuatani nyingi.

Msitu aliuogopa kuliko nilivyofikiri. Ndani ya msitu mbichi mwanga unapita kwenye majani na unatoka kijani, ukiangukia uso wa mtu anafanana na aliyekula kitu kibaya, na unyasi chini ya miguu nao unarusha kijani kwenye kidevu. Anapendelea ukingo wa msitu, miti nyuma na anga wazi mbele, au asubuhi ya ukungu. Ukungu nao hauagizwi: unatua mabondeni baada ya usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi ikiwa na unyevu, na jua likipanda kidogo unayeyuka.

Nina shemeji anayeishi nchi za baridi, yeye aliponisikia nalia na dakika 24 alinicheka. Kule kiangazi jua linateremka kwa mshazari kama mtu anayeshuka ngazi na goti bovu, na mwanga wa dhahabu unakaa hadi mnachoka wenyewe. Ila wao wana shida zao. Rangi za majani ya vuli zikifika kileleni hazikai, upepo mmoja mzuri na miti imebaki mifupa. Na theluji huidanganya kamera, inadhani nyeupe yote ile ni mwanga uliozidi, inaipunguza, harusi yote inakuwa ya kijivu. Betri nazo zinakufa haraka kwa baridi.

Turudi kwetu. Kwa nini mwisho wa mvua, ukiacha habari ya pengo? Nilimuuliza. Katikati ya kiangazi kikali, alisema, vumbi na moshi vinatanda chini ya anga, na jua mara nyingi linafifia na kuwa kisahani cheupe kabla halijafika kwenye upeo. Wapo wanaoupenda ukungu huo wa vumbi, mimi nimeshauonja, sitaki tena. Katikati ya mvua kila kitu ni kijani cha aina moja, njia ni tope na jua halina ahadi. Mvua zinapoishia, hewa imeoshwa, vidimbwi bado vina maji, na nyasi zimetoa masuke. Masuke ndiyo siri ya picha tulizoziona. Jani la nyasi halishiki mwanga kama suke linavyoshika. Jua likiwa nyuma, kila suke linawaka lenyewe. Na mawingu ya kipindi hicho yanakuja vipande vipande, kwa hiyo kuna kitu juu cha kupokea rangi.

Nguo tulizijadili dakika mbili. Alikataa shati la kijani la mume wangu (lingemezwa na nyasi) na gauni langu jeupe pe, akaniambia nivae rangi ya udongo uliokauka. Alikuwa sahihi na sina la kuongeza.

Juma moja kabla ya siku yenyewe alikwenda bondeni peke yake, saa ile ile tutakayokwenda. Akatutumia picha ya simu yenye alama mbili nyekundu: hapa mtasimama jua likiwa juu, hapa likishuka. Alama ya pili haikuwa chini bondeni tuliposimama mara ya kwanza, ilikuwa juu kwenye mteremko wa mashariki. Ukipanda, kilima cha mbele kinapungua kimo, ngumi na nusu inakuwa nusu ngumi. Kibali cha kuingia na kamera za kazi alikuwa ameshakishughulikia. Ni jambo la kuuliza mapema ikiwa eneo ni la hifadhi.

Siku ikafika na mvua ikanyesha tangu adhuhuri. Kwa masharti yake, siku ya akiba moja haina malipo, na mimi nilikuwa tayari kuitumia. Akakataa kuahirisha hadi alasiri iishe. "Mvua ya mchana si shida, shida ni mvua ya magharibi." Tukaenda. Tulipofika kulikuwa na wingu zito, mume wangu ananitazama kwa lile jicho la nilikwambia. Zikiwa zimebaki dakika ishirini hivi, wingu likapasuka kwa chini, na jua likaingia kwenye pengo kama mtu mwenye ufunguo wake.

Hapo hakuna aliyepumzika. Kwanza alituweka jua likiwa nyuma yetu, msaidizi ameshika kile kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga usoni. Mume wangu mbele ya kamera ni mlingoti. Dada hakumwambia atabasamu. Alimwambia anishike mkono tushuke mteremko na anisimulie jambo la kwanza lililomuudhi asubuhi ile. Akaanza kunisimulia habari za kishona nguo, zile mbegu za porini zinazong'ang'ania nguo, kwa kuwa wakati huo suruali yake ilikuwa imejaa vishona nguo hadi magotini, na akawa anasimulia kwa uchungu wa kweli, nami nikacheka hadi nikakaa chini. Hizo ndizo picha zetu.

Jua likazama, nikaanza kutafuta viatu. "Bado," akasema. Dakika kumi na tano zilizofuata anga lilikuwa waridi juu na samawati pembeni, hakuna kivuli popote, uso wa kila mtu umetulia, na kidimbwi chini yetu kimelishika anga lote. Karibu theluthi ya picha tulizozipenda zimetoka humo, baada ya lile jua tulilolisubiri majuma kumi kuwa limeshakwenda.

Sasa malalamiko, maana nilisema nyota nne. Alituambia mwendo ni dakika kumi na tano kwa miguu. Kwake labda. Kwetu ilikuwa arobaini, nyasi zikitufika kiunoni, na kurudi ni gizani kwa tochi. Alipaswa kutuambia tuvae mabuti na suruali ndefu kwa njia, kisha tubadilishe. Nilikwenda na viatu vya wazi na niliogopa nyoka safari nzima. Kupe wawili niliwatoa nyumbani. Mbu sitawahesabu. Picha zilichelewa, aliahidi majuma matatu zikaja ya tano, na za kwanza kuja zilikuwa zimetiwa rangi ya chungwa kupita kiasi, kana kwamba mwanga tuliousubiri haukutosha. Nilimwandikia kwamba tafadhali, tuliona kwa macho yetu, haikuwa hivyo. Akazirudia bila kuongeza malipo na bila kununa. Lakini nilishangaa kwamba mtu anayejua jua kiasi kile hakuliamini.

Ningemkodi tena? Ndiyo, na nimeshamuuliza habari za asubuhi ya ukungu. Kwa wenye haraka, tarehe ikiwa imefungwa na haisogezeki, hafai. Atakwambia ukweli na utaumia. Kwa hali hiyo chagua mlima au ufuo ulio wazi upande wa jua, siku yoyote, na achana na picha uliyoiona kwa mtu.

Ile tuliyoitundika ukutani ni ya mteremkoni, mimi nimekaa chini nacheka, yeye ameinama anabandua suruali yake. Vishona nguo vinaonekana, kimoja kimoja, vimeshika mwanga. Dada aliuliza kama avifute. Tukamwambia aviache.