Vigae vya baraza na ngazi za nje kwenye nchi ya theluji: kipi ununue kwanza

Ngazi za nje huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, huharibika kwa namna ileile. Theluji ikishayeyuka, ukingo wa kigae unaanza kubanduka magamba, kisha ukikigonga kinasikika kitupu chini. Watu hulaumu baridi, lakini baridi haipasui kigae kikavu. Kinachopasua ni maji yaliyoingia ndani. Yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9, na mwezi wa tatu na wa nne yanaweza kuyeyuka mchana na kuganda usiku siku baada ya siku.

Kwa hiyo dukani, kabla ya rangi na bei, uliza kigae kinafyonza maji kiasi gani. Isizidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Maboksi mengi ya kutoka Ulaya huwa na alama ya chembe ya theluji, maana yake kigae kinastahimili kuganda. Muuzaji akikosa karatasi ya vipimo, geuza kigae, mwagia kijiko cha maji mgongoni na usubiri kidogo. Kigae cha udongo kitayanywa ukiona na kubaki na baka jeusi. Kwenye porselini nzuri (kigae kigumu kilichochomwa kwa joto kali) maji yatasimama, na ukiyafuta panabaki pakavu.

Kwa baraza, namba moja ni porselini nene ya milimita 20. Haihitaji gundi: inalazwa juu ya kokoto zilizoshindiliwa vizuri, na maji yanapita kwenye mianya na kuzama chini. Ardhi ikiinuka kwa kuganda, vigae vinainuka nayo bila kupasuka, na kilichopinda unakinyanyua ukakipanga upya. Chukua yenye uso wa kukwaruza, daraja la kuzuia utelezi R11 au zaidi. Bei yake iko juu na kuikata kunataka msumeno wa almasi, lakini ndiyo ninayoiamini zaidi.

Kwa ngazi, granaiti inaipita porselini. Nunua jiwe zima kwa kila kidato, lililochomwa moto usoni ili lisiteleze. Vigae vya ngazi hubanduka kwanza pale ukingoni mguu unapokanyaga na koleo la theluji linapogonga. Jiwe zima halina kiungo chochote hapo. Granaiti huchimbwa hapahapa Minnesota, maeneo ya St. Cloud na Cold Spring, kwa hiyo ulizia ya karibu kabla ya kulipia ya kutoka mbali.

Namba tatu ni matofali ya zege ya kupanga. Ni nafuu, yanapatikana kila mahali, na ukiwa na nguvu unayapanga mwenyewe. Adui yake ni chumvi ya barafu, inayotafuna uso. Ukiyanunua, majira ya baridi mwaga mchanga badala ya chumvi.

Porselini nyembamba ya kubandika juu ya zege la zamani naiweka ya nne, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Zege lazima literemke kutoka ukutani angalau sentimita 2 kwa kila mita. Gundi iwe ya nje, yenye kunyumbulika, na ijae chini ya kigae kwa asilimia 95. Fundi aipake sakafuni na mgongoni mwa kigae pia. Yule anayeweka madonge matano na kubandika anaacha mapango ya maji. Kila mita 2.5 hadi 3.5 uwepo mwanya uliojazwa silikoni ya nje badala ya grauti (saruji ya kujazia mianya ya vigae). Fundi akikataa hata moja kati ya haya, tafuta mwingine. Na kama msingi wa ngazi haukufika chini ya kina ambacho ardhi huganda, ambacho sheria ya ujenzi ya Minnesota inakiweka inchi 42 kusini na 60 kaskazini, usibandike kitu: ngazi itatembea kila mwaka.

Slati, jiwe la matabaka, inategemea machimbo, hivyo usiichukue bila karatasi ya vipimo. Terakota (vigae vya udongo wa kuchomwa), vigae vya ukutani na mawe laini ya chokaa yaache kabisa, hata yakiuzwa nusu bei.

Ongeza asilimia 10 ya akiba, maboksi yote yawe na namba ileile ya uzalishaji. Kama ni kazi ya gundi, mpate fundi kabla ya mwezi wa tisa, maana gundi nyingi hazikauki vizuri chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na usiku wa huku hushuka hapo mapema.