Tahadhari kwa waunda modeli: boksi la F-14 ni halisi, vipande vilivyomo ndani ni vya modeli nyingine

Naandika tahadhari hii kwa wote wanaounda modeli za plastiki za ndege za kivita, na hasa kwa wale wanaonunua mtandaoni kutoka kwa watu binafsi. Yupo muuzaji anayechukua maboksi halisi ya modeli zinazotafutwa sana, akatoa vipande vyake, akajaza vya modeli duni ya zamani, kisha akalifunga boksi upya na kuliuza kama jipya ambalo halijawahi kufunguliwa. Mimi nimetapeliwa kwa njia hiyo. Sitaji jina alilolitumia kwa sababu nimekwisha kuona picha zilezile zikitumiwa kwa jina jingine, na atakayelitafuta lile la kwanza anaweza kudhani yuko salama kwa kutolikuta.

Tangazo lilikuwa la F-14A Tomcat, ndege ya kivita ya Marekani, iliyotengenezwa na Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, kwa skeli ya 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), ile iliyotolewa mwaka 2016. Waliokwisha kuiunda wanajua kwa nini inathaminiwa: mistari ya paneli, yaani ile inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege, imechongwa kwa ndani, myembamba na safi, na vipande vinakaliana kiasi kwamba puti ya kuzibia nyufa haihitajiki sana. Picha zilikuwa nzuri, maelezo yalikuwa ya mtu anayejua kazi hii, na muuzaji alisisitiza kwamba nailoni iliyozunguka boksi ni ushahidi kwamba halijaguswa. Nailoni hiyo haithibitishi chochote. Nailoni inayojibana kwa joto huuzwa kwa yeyote anayeitaka, na kifaa cha kupuliza hewa ya moto kinatosha kuikaza mpaka ionekane kama ya kiwandani.

Boksi lilipofika nililiweka kabatini pamoja na mengine yanayosubiri zamu, na hapo ndipo nilipokosea. Wengi wetu tuna akiba ya maboksi ambayo huenda yasifunguliwe kwa miezi au hata miaka, na nina hakika kabisa kwamba muuzaji huyu anautegemea mtindo wetu huo. Anajua kwamba mnunuzi atakapokuja kukata kipande cha kwanza, muda wa kulalamika utakuwa umekwisha zamani. Mimi nilifungua baada ya wiki saba.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa halisi, na ndicho kilichomuumbua. Katika kurasa zake kuna mchoro wa fremu zote za plastiki zinazoshikilia vipande, kila fremu na herufi yake. Fremu nilizozikuta hazikulingana na mchoro hata mmoja, na zile ncha ambazo kwa kawaida huwa na herufi na jina la mtengenezaji zilikuwa zimekatwa kwa koleo. Mistari ya paneli ilikuwa imeinuka juu ya uso wa plastiki badala ya kuchongwa ndani, jambo lililokuwa la kawaida katika kalibu za miaka ya 1970. Vipande angavu vilitupwa humo bila mfuko wake, vikiwa vimesuguana na vile vingine mpaka kioo cha chumba cha marubani kikajaa mikwaruzo.

Ili nisimdhulumu mtu, niliunganisha pua na kiwiliwili kwa utepe wa karatasi bila gundi, kisha nikapima. F-14 halisi ina urefu wa takriban mita 19.1, kwa hiyo kwa skeli ya 1/48 modeli inapaswa kukaribia sentimita 40. Niliyokuwa nayo mkononi ilipungua kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, upungufu unaolingana na skeli ya 1/50, ambayo zamani ilitumika katika baadhi ya modeli za Japani. Yaani hata skeli haikuwa ile niliyoilipia. Hesabu hii ni rahisi na inafaa kwa ndege yoyote: chukua urefu wa ndege halisi, ugawanye kwa 48 au 72, kisha ulinganishe na rula.

Dekali, yaani alama na maandishi ya kubandikwa juu ya modeli, nazo zilikuwa za kughushi, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu hata mjuzi anaweza kupitwa nalo. Zilikuwa zimenakiliwa kwa printa ya kawaida kwenye karatasi angavu ya dekali. Printa za namna hiyo hazina wino mweupe, hivyo kila panapopaswa kuwa na weupe hubaki uwazi tu. Juu ya karatasi ya rangi hafifu nyota ya Marekani inaonekana sawasawa, lakini ukiilaza juu ya rangi ya kijivu, nyota yenyewe inageuka kijivu. Imulike karatasi ya dekali dhidi ya taa kabla ya kuikata: wino mweupe halisi huzuia mwanga, na penye uwazi mwanga hupita.

Muuzaji alikuwa ameongeza, kama zawadi, viti viwili vya resini (plastiki ya kumiminwa) vya rubani na afisa wa rada aliye nyuma yake. Navyo vilikuwa nakala zilizomiminwa kutoka kwenye kazi ya mtu mwingine, vyenye matundu ya hewa kwenye mikanda na pembe zilizofifia. Atakayejaribu kuviokoa kwa msasa avae barakoa na asugue kwa maji, kwa maana vumbi la resini si la kuvuta puani.

Nilipomwandikia, alijibu kwa upole mkubwa. Alidai kosa ni la kiwanda, akaomba wiki mbili ili aletewe fremu sahihi, kisha akaomba mbili nyingine. Upole huo ni sehemu ya mtego. Mapema kabisa alikuwa amenishawishi nimlipe moja kwa moja, nje ya mfumo wa malipo wa soko la mtandaoni, kwa kisingizio cha kukwepa makato, na kwa hiyo sikuwa na pa kudai fedha zangu. Mwisho alinifungia mawasiliano.

Ni haki niseme kwamba si kila boksi lenye plastiki ya kampuni nyingine ni utapeli. Kampuni za modeli hukodishiana na kuuziana kalibu tangu zamani, na modeli ileile inaweza kutoka kwa majina mawili au matatu bila hila yoyote. Vilevile, modeli ya mitumba iliyopungukiwa na vipande si dhuluma ikiwa muuzaji amesema hivyo wazi. Tofauti hapa ni herufi zilizokatwa kwa makusudi, kwa sababu hakuna mtu mwaminifu mwenye haja ya kuzikata.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ombeni picha ya fremu zote zikiwa zimetandazwa, herufi zake zikisomeka, pamoja na kipande cha karatasi chenye tarehe ya siku hiyo kilichoandikwa kwa mkono. Akikataa kwa hoja kwamba hawezi kuharibu nailoni, ni afadhali kuliacha boksi hilo kuliko kumwamini. Lipeni ndani ya mfumo unaoweza kurudisha fedha, na boksi likifika lifungueni siku hiyohiyo huku mkirekodi video isiyokatizwa, kuanzia lebo ya usafirishaji hadi fremu ya mwisho. Najua wapo wanaopenda kuyatunza maboksi bila kuyafungua. Kwa vitu vilivyotoka kwa mtu msiyemjua, mapenzi hayo yana gharama ambayo mimi nimekwisha kuilipa.

Picha za matangazo yake zina alama za kumtambulisha. Boksi limewekwa juu ya mkeka wa kijani wa kukatia, wenye mkwaruzo mrefu wa mshazari upande wa kushoto, na kitabu cha maelekezo kimekunjwa pembe ya chini. Nimeziona picha hizo kwenye tangazo la F-14 na kwenye jingine la F-4 Phantom. Aliyenunua kutokana na picha za namna hiyo alifungue boksi lake leo, alinganishe fremu na mchoro wa kitabu, na kama muda wa kulalamika haujaisha awasilishe malalamiko mara moja bila kukubali kuongezewa hata siku moja ya kusubiri.