WhatsApp Business kwa msimamizi wa ujenzi: inapokea vizuri, inatunza vibaya

Anayejenga Kigamboni au Mtwapa huku akiishi Muscat au Minneapolis hafuatilii nyumba yake kwa barua pepe. Anafuatilia kwa WhatsApp: picha za msingi asubuhi, ujumbe wa sauti wa dakika nne usiku, na katikati yake lile neno "kidogo tu". Ongeza dirisha kidogo tu. Sogeza choo kidogo tu. Kwa hiyo WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na ilitoka mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, tumeipima kama kifaa cha kazi cha mkandarasi mdogo, na kwa kigezo kimoja: inamsaidia msimamizi kiasi gani mteja anapodai kisichowezekana, au kinachowezekana ila hataki kukilipia?

Kama mapokezi, ni nzuri kuliko watu wengi wanavyoitumia. Kama daftari la makubaliano haifai, na anayeitegemea hivyo atakuja kulipa tofauti kutoka mfukoni mwake.

Jambo la kwanza ni namba. Namba moja haiwezi kuwa kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa wakati mmoja, lakini simu moja inaweza kubeba programu zote mbili kwa laini mbili tofauti. Nunua laini ya kazi. Ukihamishia namba yako binafsi, shangazi atapokea tangazo lako la saa za kazi, na mteja ataendelea kukuona uko hewani saa tano usiku.

Ukishaweka saa za kazi kwenye wasifu wa biashara, washa ujumbe wa kutokuwepo na uchague ujiendeshe nje ya saa hizo. Hapa ndipo programu inapoonyesha thamani yake. Saa nne usiku Dar es Salaam ni saa nane mchana Minneapolis wakati wa kiangazi chao. Mteja yuko mapumziko ya chakula, ana nafasi, anaandika. Hana nia mbaya. Tatizo ni kwamba akiona tiki mbili za bluu na kimya, asubuhi anahesabu kwamba umekubali. Maneno yanayofaa ni kama haya:

"Asante kwa ujumbe. Tunajibu Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Mabadiliko ya ramani, vifaa au ratiba hayaanzi kazi mpaka yasainiwe kwenye fomu ya mabadiliko. Kwa dharura ya usalama saiti, tafadhali piga simu."

Wengi huishia sentensi ya pili. Inayokulinda ni ya tatu, kwa sababu inafuta kisingizio cha "nilikwambia Jumapili usiku". Kasoro mbili: ujumbe huu hauendi kama simu yako imezimwa au haina bando, na hauendi kwenye makundi. Msimamizi anayezima data akilala hana ulinzi huo hata kidogo.

Majibu ya haraka ndiyo sehemu tunayoipa alama za juu. Unaweza kuhifadhi hadi 50, ukaita kila moja kwa kuandika mkwaju (/) na neno fupi. Kumi yanatosha. La muhimu kuliko yote liite /badili, na ndani yake weka maswali, usiweke majibu: Ni chumba gani kwenye ramani? Kitoke nini, kiingie nini? Nani atalipa, kwa akiba iliyopo au fedha mpya? Uko tayari tarehe ya kukabidhi isogee? Mteja anayetaka kitu kweli atajibu. Aliyekuwa anawaza kwa sauti ataacha hapo, na madai mengi huishia hapo hapo bila ugomvi.

Tuchukue dai la kawaida kabisa. Kuta zimefika kwenye linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, mteja ameona video, anataka choo cha chumba kikuu kihamie upande wa pili. "Si ukuta mmoja tu?" Ukuta wenyewe ni hesabu ndogo: mita 3 kwa mita 2.7 ni mita za mraba 8.1, na tofali za inchi 6 zenye uso wa inchi 18 kwa 9 huenda takriban 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ni tofali kama 81, saruji na mchanga wa kujengea, pamoja na siku za fundi za kubomoa na kujenga. Gharama iko chini ya sakafu. Bomba la inchi 4 la maji ya choo linataka mteremko wa karibu 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Likirefuka kwa mita 6, mwisho wake unashuka sentimita 15 zaidi. Kama chemba iliyopo, yaani shimo la ukaguzi ambamo bomba huingia, ina nafasi ya kushuka sentimita 10 tu, maji hayatakwenda. Itabidi chemba ichimbwe upya, na pengine hata bomba la kwenda kwenye shimo. Ongeza kuvunja sakafu, kumwaga zege la kiraka na kulimwagia maji siku 7, huku fundi wa lipu na wa vigae wakisubiri. Hakuna hata kimoja katika haya kinachoonekana kwenye video.

Kwa hiyo usijibu "haiwezekani", wala usijibu "sawa bosi". Jibu kwa ile fomu ya mabadiliko, ya ukurasa mmoja: namba ya fomu, kazi yenyewe, vifaa kwa idadi, ufundi, siku zinazoongezeka, kazi zinazosimama, na tarehe ambayo bei hiyo inaisha. Siku 5 hadi 7 zinatosha, maana nondo na saruji hazingoji mtu. Chini weka visanduku vitatu: tuache kama ilivyo, tufanye kwa bei na siku hizi, tufanye, ila tuondoe kitu kingine cha thamani hiyo. Kisanduku cha tatu ndicho kinachomfaa mteja mwenye bajeti isiyonyumbuka, na wasimamizi wengi hawakiweki. Fedha za vifaa vya badiliko zitangulie kabla tofali la kwanza halijavunjwa. Ukianza kwa ahadi ya "nitatuma mwisho wa mwezi", badiliko hilo limeshakuwa zawadi.

Madai mengine hayana fomu. Mteja akisema slabu ilimwagwa Jumamosi, mbona Ijumaa miti bado imesimama, jibu halina bei ndani yake. Zege hufikia nguvu yake ya usanifu kwa kipimo cha siku 28, na milunda ya slabu hukaa wiki mbili hadi tatu kutegemea upana wa chumba na agizo la mhandisi. Kupunguza nondo kwenye boriti, kuondoa nguzo "inayoziba sebule", kuongeza ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya chini: haya yanarudi kwa mhandisi na mchoraji, na yakigusa ramani iliyopewa kibali yanarudi halmashauri. Yawekee jibu la haraka lake, tuseme /mhandisi, lenye mistari miwili na lisilo na neno "labda". Mteja akisikia "labda" anaanza kutafuta fundi atakayesema ndiyo.

Sasa upande mbaya. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na WhatsApp ni daftari ambalo kurasa zake zinachanika zenyewe. Ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15. Alama kwamba umehaririwa itaonekana, lakini maandishi ya awali hutayaona. Ujumbe pia unaweza kufutwa kwa wote hata zaidi kidogo ya siku mbili baada ya kutumwa. Upande wowote ukiwasha ujumbe unaotoweka, mazungumzo mapya yanajifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na nyumba ya vyumba vitatu haikamiliki kwa siku 90. Ujumbe wa sauti ni mbaya zaidi: ukitafuta neno "choo" miezi minne baadaye, kisanduku cha kutafutia hakisikii sauti.

Dawa yake ni utaratibu, maana mpangilio wa programu hautakusaidia. Kila ujumbe wa sauti wenye maagizo ujibiwe kwa maandishi siku hiyo hiyo: "Tumekuelewa hivi", kisha hoja moja moja, kisha "kama sivyo, tusahihishe kabla ya kesho saa 6 mchana". Fomu iende kama faili la PDF, na nakala yake kwa barua pepe. Picha za nondo kabla ya kumwaga zege, za nyufa, za vifaa vilivyopokelewa, zitume kama hati, usizitume kama picha. Zikienda kama picha hubanwa na kupoteza taarifa za tarehe na mahali zilizokuwa ndani ya faili. Zikienda kama hati hubaki zilivyo. Mazungumzo yenyewe yasafirishe kwenda kwenye barua pepe kila mwisho wa mwezi. Ukingoja mradi uishe utakutana na kikomo: jumbe 10,000 pamoja na picha, au 40,000 bila picha, na mteja anayependa kuandika atakufikisha huko.

Skrinshoti, kwa njia, si ushahidi mzito kama wengi wanavyodhani. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaangalia jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa, na kama imebaki kamili. Kenya, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B kinataka cheti cha rekodi ya kielektroniki. Picha iliyokatwa ya mstari mmoja ina kazi ngumu mbele ya vigezo hivyo.

Lebo, yaani alama za rangi za kupanga mazungumzo na jumbe, zipo hadi 20. Tumia nne: anasubiri bei, bei imetumwa, amekubali, amekataa. Ziweke kwenye ujumbe wenye ombi badala ya mazungumzo yote, kwa kuwa mteja mmoja ana maombi sita kwa wakati mmoja. Ujumbe uliobandikwa juu haufiki mbali: unaweza kubandika jumbe tatu tu, nazo hubanduka zenyewe baada ya siku zisizozidi 30.

Makundi yanastahili onyo la peke yake. Kundi la kawaida la nyumba ya aliye ughaibuni lina mume, mke, kaka anayepita saiti, na fundi mkuu. Kaka anasema vigae vyeupe, mke anasema kijivu, fundi anasikiliza aliyeongea mwisho. Mkataba utaje mtu mmoja mwenye saini ya mabadiliko, na namba yake ya simu iandikwe. Kundi libaki la picha za maendeleo, likiwekwa wasimamizi wa kundi pekee ndio wanaotuma. Kaka atanuna wiki mbili za kwanza. Foremani naye aambiwe mbele ya wote kwamba agizo lisilo na namba ya fomu halifanyiwi kazi, hata likitoka kwa mwenye nyumba aliyerudi likizo na kusimama pale saiti.

Tukiilinganisha na Trello, programu ya kupanga kazi kwa kadi, Trello inashinda kwa mbali katika kufuatilia ombi kutoka hatua moja hadi nyingine, na inashindwa pale tu mteja asipoifungua, jambo ambalo ni karibu kila mteja wa nyumba. Mchanganyiko unaokwenda ni WhatsApp Business mbele na jedwali la Google Sheets nyuma: namba ya fomu, tarehe, ombi, bei, siku, hali, tarehe ya malipo. Litumwe kwa mteja kila Ijumaa likiwa na jumla ya fedha na jumla ya siku zilizoongezeka. Ile safu ya siku hupunguza makelele ya "mbona mmechelewa" kuliko maelezo yoyote.

Alama zetu: mapokezi 8 kwa 10, kutunza makubaliano 3 kwa 10, bei haina mshindani. Inawafaa wanaojenga nyumba za watu binafsi na wanaofanya ukarabati. Kama kazi yako ina mshauri wa kitaalamu anayemwakilisha mteja, na mkataba wa muundo rasmi unaotaka taarifa ya maandishi kwa anwani iliyotajwa na ndani ya siku zilizopangwa, tuma taarifa hiyo kwa njia iliyoandikwa mkatabani, hata kama mshauri mwenyewe amekujibu "sawa, endelea" kwenye simu.