Tahadhari: Toyota Aqua ya "kilomita 68,000" iliyoniingiza mkenge

Wakuu, jambo hili nimekaa nalo wiki tano nikisubiri hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka sana, ila najua kuna watu wanajichanga wanunue gari mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Naishi Mlandizi, kazi yangu iko Posta, katikati ya Dar es Salaam. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120, siku sita kwa wiki. Piga hesabu: ni zaidi ya kilomita 3,000 kwa mwezi, kama 37,000 kwa mwaka. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri niko barabarani, maana nikichelewa robo saa tu, kuanzia Mbezi hadi Kimara nabaki kuhesabu taa za breki za wenzangu. Gari langu la zamani, la cc 1800, lilikuwa linakunywa lita 11 kwa siku. Mshahara ulikuwa unaishia kituo cha mafuta. Ndiyo maana nikaanza kutafuta haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme na betri kubwa, na ndiyo maana nikakutana na huyu bwana muuza magari.

Jina la yadi sitalitaja, kwa sababu shauri liko polisi na mwanasheria amenikataza. Nitakachofanya ni kueleza mchezo wenyewe, kwani naamini hauchezwi na mtu mmoja.

Gari lilikuwa Toyota Aqua ya mwaka 2013, rangi ya fedha, limepigwa polishi mpaka unajiona. Dashibodi ilisoma kilomita 68,412. Bei milioni 15 na nusu. "Dada yangu, hili lilikuwa la bibi mmoja wa Kijapani, analiendea sokoni tu." Akanionyesha nakala ya karatasi ya mnada wa Japani, daraja la 4.5, yaani zuri sana kwa gari lililotumika, kilomita chini kidogo ya hizo. Nikazunguka naye mtaa mmoja, gari kimya kama halijawashwa. Nikalipa. Mimi ni mhasibu, wakuu. Kutwa nzima kazi yangu ni kulinganisha namba, na siku ile sikulinganisha hata moja.

Wiki tatu zikapita vizuri. Siku ya kumi na nane ya kwenda kazini, napandisha pale Kibamba, kiyoyozi kinafanya kazi, ikawaka pembetatu nyekundu na maandishi ya kuniambia nikague mfumo wa haibridi. Kwenye kiti cha nyuma feni ikaanza kuvuma kama mtu anakausha nywele. Gari likapungua nguvu, nikaegesha pembeni, nikampigia fundi.

Fundi akachomeka mashine ya kupimia. Ikatoa P0A80, namba ambayo wenye haibridi wanaijua kama wanavyoijua namba ya simu ya mkwe: betri kubwa imechoka. Hilo peke yake lingeweza kuwa bahati mbaya. Lakini mashine hiyo pia huonyesha gari limetembea kilomita ngapi tangu hitilafu zilipofutwa mara ya mwisho. Ikasoma 2,203. Dashibodi wakati huo ilikuwa 70,608. Toa 68,412 niliyoandika kwenye daftari langu la mafuta siku ninakabidhiwa gari, unapata 2,196. Tofauti ni kilomita saba. Maana yake kilomita saba kabla sijakabidhiwa ufunguo kuna mtu alichomeka mashine, akafuta taa ya hatari, akaliosha gari, akanikaribisha kwa soda baridi.

Halafu fundi akafungua boneti ili aangalie maji ya kupoza inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri utumike na mota. Akapangusa vumbi kwa kitambaa, kikatokea kistika kidogo cha kubadilisha oili, kwa Kijapani. Kile cha mlangoni walikuwa wamekibandua, alama ya gundi bado ipo. Hiki walikisahau. Kijana wa jirani akakipiga picha, simu ikamtafsiria: 30, mwezi wa 6, tarehe 12, kilomita 183,200. Hiyo 30 ilitusumbua kidogo mpaka tukaelewa kuwa Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo mwaka wake wa 30 ni 2018. Gari lililokuwa na kilomita 183,200 mwaka 2018 nimeuziwa kama la kilomita 68,000. Bibi huyo wa sokoni sijui alikuwa anauza nini.

Kufungua betri ndiko kulikonimaliza. Betri ya Aqua ina vipande 20, mafundi wetu wanaviita seli, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 144. Vinne kati yake vilikuwa vyeupe, visafi, vimeandikwa namba kwa kalamu ya maka, tofauti kabisa na wenzao. Vile vibati vya shaba vinavyoviunganisha vilikuwa na ukungu wa kijani. Na tundu la hewa la kupoza betri, lile la chini pembeni ya kiti cha nyuma, chujio lake lilikuwa limeziba kwa vumbi na nyuzinyuzi mpaka unaweza kulichuna kama zulia. Yaani walitoa seli zilizokufa, wakapachika za betri nyingine chakavu, taa ikazimika kwa muda. Ukichanganya hivyo, zile zilizochoka zaidi huisha haraka, zikivutwa mwendo mrefu kwenye joto zinaanguka, na wenzake hufuata. Kwa mtu wa kuzunguka Sinza na kurudi, huenda ingedumu miezi. Kwa mtu wa kilomita 120 kwa siku, siku 18.

Nilipompigia muuzaji, hakukasirika hata kidogo. "Dada yangu, haibridi ndivyo zilivyo, betri ni kama tairi. Soma risiti yako." Kweli risiti imeandikwa kwa kalamu: limeuzwa kama lilivyo. Mwanasheria ananiambia maneno hayo hayamwokoi mtu aliyedanganya, na kwamba Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Pia unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Tutaona.

Sasa jambo ninalotaka lieleweke, kwa sababu nimeshaanza kusikia "nilikwambia haibridi ni ugonjwa." Si ugonjwa. Mwaka 2011 jarida la Marekani la Consumer Reports lilichukua Prius ya 2002, haibridi nyingine ya Toyota, iliyokuwa imetembea maili zaidi ya 206,000, yaani kama kilomita 330,000, ikiwa na betri yake ya kiwandani, wakaipima dhidi ya matokeo ya gari la aina hiyo waliyoyaandika lilipokuwa karibu jipya, miaka kumi nyuma. Ulaji wa mafuta ulikuwa karibu sawasawa. Kwenye mfumo huo hakuna stata ya kawaida wala alteneta, hakuna klachi. Gia zake ni seti ya meno tu yanayozungukana kama sayari na jua. Breki hudumu kwa sababu mota inalipunguza gari mwendo kabla pedi hazijagusa. Kompyuta hairuhusu betri ijae kabisa wala iishe kabisa, inaichezesha katikati, na hapo ndipo inapoishi muda mrefu. Adui yake ni joto, na joto linaletwa na chujio chafu.

Kwa hiyo kilomita 183,000 zisingenitisha. Ningeambiwa ukweli, ningesema sawa, nipe kwa milioni 10, nitenge tatu na kitu za betri, maisha yaendelee. Alichoniibia si injini. Aliniibia nafasi ya kupiga hesabu.

Na hao wanaotangaza "betri mpya" kwa bei ya chee baada ya taa kuwaka, nao muwaogope. Wawili walinijia siku hiyo hiyo, mmoja akiwa na seli zilizopakwa rangi. Mimi nimeweka betri nzima kwa milioni 3 na laki 2, yenye dhamana ya maandishi. Iliniuma, lakini sasa gari linanipa kama kilomita 21 kwa lita.

Ukienda kununua, usilipe kabla hujaipata namba ya chasisi na kuisoma mwenyewe kwenye bati la gari, si kwenye karatasi. Kwenye nakala yangu ya mnada, tarakimu mbili za mwisho zilikuwa tofauti na za gari. Nimeliona hilo baada ya kupigwa. Kwa namba hiyo kuna huduma za kulipia mtandaoni zinazokutolea karatasi halisi ya mnada, gharama yake haifiki hata tenki la mafuta. Omba pia nakala ya kile cheti cha Kijapani cha kusafirisha gari nje, kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Nenda na fundi wako mwenye mashine, asome kilomita tangu hitilafu zifutwe. Ikiwa ni saba, rudi nyumbani. Liendeshe angalau saa moja, kiyoyozi kikiwaka, mlimani na kwenye foleni, uone alama ya betri inapanda na kushuka taratibu au inaruka kama kipimo kibovu cha mafuta. Inua mlango, inua boneti, tafuta vistika na alama za gundi. Shika usukani na pedali: kilomita 68,000 hazili raba ya pedali ya breki mpaka chuma.

Juzi nimeona tangazo jipya la yadi ile ile. Aqua nyingine, nyeupe, kilomita 64,000 tu. Nikampa mdogo wangu apige kwa namba yake. Akapokelewa vizuri, "karibu sana kaka, la bibi mmoja wa Kijapani hili." Mdogo wangu akaomba namba ya chasisi. Simu ikakatwa, na tangu hapo haipokelewi.