Tuisheni ya Tabata: Fizikia mpeleke, Baiolojia subiri kwanza

Wazazi wa Tabata, Segerea, Kinyerezi mnaotafuta tuisheni ya kidato cha tatu na cha nne, mi wangu nimempeleka kituo kimoja cha hukuhuku Tabata, jina silitaji maana nina ya kuwasifia na nina ya kuwasema, wenyeji mtakijua tu. Fizikia nawapa nane kwa kumi, Baiolojia nne na hiyo nne yenyewe ni huruma.

Mwanangu sio kilaza jamani, ila alikuwa mtu wa kukariri. Unamuuliza sheria ya Ohm (ile ya umeme kwenye Fizikia) anakutiririshia kingereza kilichonyooka, ukimwambia haya sasa maana yake nini, anakutolea macho. Daftari limejaa notisi, mwandiko msafi kabisa. Shuleni kwao wamebanana, toka elimu bila ada ianze 2016 watoto wameongezeka balaa, sasa ticha mmoja mbele ya umati ule unategemea afanyeje, anaandika ubaoni wao wanakopi, kengele, kaondoka. Simlaumu.

Hapa tuisheni wanaruhusu mzazi kukaa nyuma na kusikiliza, nikakaa kipindi cha Fizikia. Ticha kijana tu, kaja na betri za tochi, nyaya na vile vitaa vidogo vya tochi. Kawasha kimoja, kauliza nikiunga cha pili kwenye njia hiyohiyo mwanga utakuwaje? Hakutaka mikono juu, kila mtu aandike jibu lake kwenye kikaratasi kwanza afu amgeukie jirani amshawishi. We! Kelele zilizotoka pale utadhani Simba na Yanga, wengine wanasema cha kwanza kitawaka sana cha pili kiduchu kwa sababu cha kwanza "kinakula umeme", wengine wanakataa. Kaunga. Vyote viwili vikafifia, mwanga sawasawa. Wakatulia kidogo, afu binti mmoja akasema "si umeme unaopita kwenye vyote ni uleule ticha, ila rezistansi ndo imeongezeka", yani ule ukinzani unaouzuia umeme kupita. Ticha akafumua akaunga upya kila kitaa na njia yake, vikawaka vizuri vyote, akawaambia ndo maana nyumbani ukizima taa ya sebuleni ya chumbani inabaki inawaka. Hapo ndo akageuka ubaoni kuandika fomula, yani fomula imekuja mwisho kabisa! Mi enzi zetu ilikuwa ya kwanza na ya mwisho ni hiyohiyo.

Kingine walibishana kwa Kiswahili, majibu wakaandika kingereza. Nilikipenda sana hiki. Msingi shule za serikali mtoto anasoma kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza ghafla karibu kila kitu kingereza na pepa ya NECTA nayo inamsubiri kwa kingereza, sasa ukimkataza hata kubishana kwa lugha anayoiweza umemziba mdomo, atakaa kimya akariri.

Na hii ya kubashiri kwanza afu kubishana sio kwamba ticha kaibuni yeye, kuna profesa wa Fizikia pale Harvard kule Marekani, Eric Mazur, anafundisha hivyo toka mwanzoni mwa miaka ya 90 baada ya kuona wanafunzi wake wanazipasua hesabu za mtihani ila maswali ya kuelewa yanawashinda. Harvard hiyo! Hata mtaala wetu wa sekondari toka 2005 unataka umahiri sio kumeza, na huu mpya ulioanza 2024 nao unasema hivyohivyo, kwenye karatasi tuko vizuri sana sisi.

Haya, Baiolojia. Ticha kakaa kwenye kiti anasoma notisi, watoto wanaandika, kipindi kizima. Ilikuwa mada ya uzazi wa mimea, mwanangu kachora ua na majina yote ya sehemu zake kwa kingereza, na nje ya dirisha fensi nzima ya hibiskasi imechanua, nyekundu tupu! Si uchume matano tu ugawe kwa makundi, wapasue kwa wembe waone vumbi la chavua linabaki kidoleni, waone vimayai kule chini vimekaaje. Bure kabisa, hakuna cha maabara wala bajeti. Nilimwambia kiongozi wao akacheka akasema "silabasi haiishi mzee". Sasa iishe afu iweje?

Group la WhatsApp la wazazi lipo (watoto simu shuleni marufuku), mapicha ya notisi yanamwagwa saa tano usiku, we zima sauti tu.

Ada elfu 40 kwa mwezi masomo mawili, sio bei ya chee ila kwa Fizikia silalamiki, juzi nimemkuta anamfundisha mdogo wake kwa betri za rimoti. Jumamosi msimpeleke, wanajaa mpaka mlangoni na feni ni moja, kubishana kwenyewe kunakuwa vurugu tu. Jumanne na Alhamisi jioni kuna nafasi. Risiti dai palepale, wana tabia ya kusema "tutakuandikia kesho".