Seti ya kuchonga kiko kwa anayeanza: nimeitumia, sikilizeni

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana wenzangu, mambo! Nipo Mikindani, uani kwetu, na hiki mkononi ni kiko changu cha kwanza. Tumbaku sivuti wala siwashawishi, ninachopenda ni kuchonga. Ndani ya seti kulikuwa na kipande cha mti wa briari, mdomo wa plastiki ngumu na karatasi mbili za msasa. Basi.

Briari ni fundo linaloota kati ya shina na mizizi ya kichaka cha pwani za Mediterania. Huchemshwa kwa saa nyingi, kisha hukaushwa miezi kadhaa, ndiyo maana linastahimili moto.

Uzuri wa seti hii ni matundu: yametobolewa tayari. Tundu la moshi lazima litokee chini kabisa ya bori, yaani kile kikombe tumbaku inamokaa. Likitokea juu, tumbaku ya chini inalowa na haiungui. Tazameni, napitisha unyasi huu mdomoni… umetokea hapa, katikati kabisa.

Kabla ya hapo nilijaribu mpingo, maana sisi watu wa kusini tukisema kuchonga, mkono unaukimbilia huo. Keekee ikaenda upande, ikatokea ubavuni. Mjomba wangu, mchongaji wa Newala, akakigeuzageuza kile kipande: "Mpwa wangu, mpingo haukukosea. Umekimbilia tundu wakati tupa hujaijua." Hilo lilinikaa. Na mpingo ni mzito, unashika joto. Kwangu utakuwa pete tu ya kwenye shingo ya kiko, pale mdomo unapoingia. Ukiusugua, funika pua, vumbi lake linawasha.

Sasa kasoro. Msasa wa kwenye seti ni laini mno. Siku mbili nzima nilikuwa bado nahangaika na kona. Nunueni tupa yenye mgongo wa mviringo, kisha msasa namba 120, 220, 400, 600. Ukuta wa bori usishuke chini ya milimita 6. Mdomo nao ulibana sana. Nimeusugua kidogo kidogo, najaribu, nasugua tena, kwa sababu ukiulazimisha shingo inapasuka.

Vanishi ndani ya bori, hapana kabisa. Nje nimepaka nta ya karnauba, ile ya majani ya mtende wa Brazili. Ya nyuki huyeyuka upesi kiko kikipata moto.

Kwa anayeanza, pesa yake haipotei. Sogeeni muone vidoa hivi kama macho ya ndege: vilijitokeza nilipofika namba 600, nikamwita mama aje aone. Kipande cha pili nimeagiza bila matundu. Mjomba anakuja Jumamosi na jiliwa yake, ile ya kubania kipande kisicheze.